Nilivyosoma ndani ya viini vyepesi nikiwa zangu Buzuruga

Watu wananiuliza unasomaje nyuklia ukiwa Mwanza wakati mashine zote ziko kwa wenzetu. Mi sipigi viini jamani, nachukua vipimo vya waliokwishapiga, viko bure EXFOR, hazina ya data ya IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki), napiga hesabu kwa programu ya FRESCO ambayo nayo ni bure, hata laptopu yangu ya mtumba inaiweza, na umeme ukikatika betri inamalizia maana hesabu moja ni sekunde tu.

Riaksheni yenyewe ni (d,p). Unarusha diyuteroni, yaani protoni na nyutroni zilizoshikana kwa MeV 2.22 tu (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), ikipita kwenye kiini nyutroni inabaki, protoni inaendelea. Mdogo wangu ni bodaboda, nikamwambia ni kama umemshusha abiria ukaondoka peke yako. Akaniuliza, "Sasa kaka, abiria humwoni, utajuaje kashukia wapi?" Swali la maana kabisa hilo! Namwangalia dereva, katoka na spidi gani na kakata kona kiasi gani, spidi inanipa ngazi ya nishati, kona inanipa l, namba ya mzunguko wa nyutroni ndani ya kiini.

Nilianza na kaboni-12 kwenda kaboni-13 kwa sababu majibu yanajulikana, na mtu anayeanza namshauri hivyohivyo. Faili la matokeo lina safu mbili, pembe na milibani (kipimo cha uwezekano wa riaksheni kutokea), ukichora ngazi ya chini kabisa (l=1) mlima unakaa pembeni kidogo ya digrii sifuri, ukichora ya MeV 3.09 (l=0) mstari unapanda kuelekea sifuri kabisa. Hapo ndo niliamini, yaani umbo tu linakwambia bila hata kugusa ukubwa.

Kaboni-13 ilipokaa sawa nikahamia berili-11, na hapa ndo utamu ulipo. Zote mbili zina nyutroni 7, ila ukitoa protoni mbili mpangilio unapinduka, ile l=0 iliyokuwa juu inashuka chini kabisa na l=1 inabaki MeV 0.32 juu yake. Na nyutroni hiyo ya mwisho imeshikwa kwa MeV 0.50 tu kwa hiyo inatanda mbali sana, umbali kutoka kwenye kiini ambao hesabu inafika, uliotosha kwenye kaboni, hapa hautoshi, niliongeza mpaka grafu ikaacha kubadilika. Berili-11 inaishi sekunde kama 14 nusu yake inakuwa imekwisha, ila yenyewe inazaliwa ndani ya riaksheni. Kinachohitajika ni berili-10, nayo ina mionzi na shabaha yake ni ngumu kutengeneza, ndo maana wanageuza, wanarusha berili-10 kwenye plastiki yenye diyuteriamu.

Ukubwa sasa ndo kazi. Unalinganisha urefu wa mstari uliopimwa na wa hesabu, unapata namba inayosema ngazi hiyo inafanana kiasi gani na nyutroni moja tu inayozunguka kiini. Wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, mwaka 2012 walipata 0.71 kwa ngazi ya chini, mi yangu inapanda na kushuka kila nikibadili potenshali (fomula ya nguvu kati ya chembe na kiini), umbo liko palepale. Kwa hiyo l naisema kwa kujiamini, namba ya ukubwa siitaji bila kutaja potenshali niliyotumia, na ukiona mtu kaitaja peke yake muulize.