Hata amwone: tafakari ya wiki juu ya sotoka na zizi la mwisho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Luka 15:4, mtu mwenye kondoo mia, akapotewa na mmoja, akawaacha wale tisini na kenda nyikani aende akamtafute aliyepotea "hata amwone". Tukae na hayo maneno mawili ya mwisho. Hayasemi akamtafute mpaka jua lizame, wala mpaka bajeti iishe.

Nendeni mnada wa Pugu siku malori yanaposhusha ng'ombe kutoka bara. Wametoka Shinyanga, Singida, Dodoma, wanabanana pumzi kwa pumzi wakingoja wanunuzi, na wengi wao safari yao inaishia machinjioni. Mnunuzi wa leo anatazama unono na bei. Babu yake angetazama kwanza macho na pua: machozi yanayochuruzika, makamasi mazito, halafu angemfunua mdomo aone kama ufizi una mabaka meupe kama pumba za unga zilizomwagwa juu ya nyama. Hiyo ndiyo ilikuwa sotoka. Homa kali, vidonda mdomoni, kuhara damu, na ng'ombe wengi wakifa katika wiki ya kwanza au ya pili ya ugonjwa. Vijana wetu wengi neno lenyewe hawalijui, na hilo peke yake ni la kumshukuru Mungu.

Ilipoingia pembe ya Afrika miaka ya mwisho ya 1880, ilishuka kusini kwa kasi ya kutisha. Kufikia 1891 ilikuwa imeshalifagia eneo la Wamasai, na kufikia 1897 ilikuwa imefika Rasi ya kusini kabisa. Inakadiriwa kwamba kati ya kila ng'ombe kumi walikufa wanane au tisa. Wasio na maziwa walikufa njaa, na waliobaki wakakutwa na ndui.

Mtu tunayemtafakari ni Walter Plowright, aliyezaliwa Holbeach, Uingereza, Julai 1923. Alihitimu udaktari wa mifugo London mwaka 1944, akaja Kenya na jeshi, baadaye akafanya kazi kwenye maabara ya mifugo ya Kabete, karibu na Nairobi, akaenda Vom huko Nigeria, na mwaka 1956 akaingia maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, iliyokuwa ya nchi zote za Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo. Habari za imani yake hatuzisemi, hilo ni lake na Mungu wake. Kazi yake inatosha kutufundisha.

Chanjo za sotoka zilikuwapo kabla yake. Kirusi kilidhoofishwa kwa kupitishwa ndani ya mbuzi, au ndani ya sungura. Ya mbuzi ilikuwa kali mno kwa baadhi ya mbegu za ng'ombe, hata wengine waliugua na kufa kwa chanjo yenyewe. Tena ilitengenezwa ndani ya mwili wa mnyama mzima, kwa hiyo haikuwa rahisi kuhakikisha kwamba haikubeba ugonjwa mwingine.

Plowright na mwenzake R. D. Ferris wakaenda njia nyingine. Chukua figo ya ndama, ikatekate vipande vidogo, itie kimeng'enya kinachotenganisha seli, kisha uzipande seli hizo kwenye chupa ya kioo yenye maji ya virutubisho. Baada ya siku chache zinatandika ukuta wa chupa kama ngozi nyembamba. Sasa tia kirusi cha sotoka, kile kilichotunzwa Kabete tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ngoja seli ziharibike. Vuna yale maji, uyahamishie kwenye chupa mpya yenye seli mpya. Rudia. Kila baada ya hatua kadhaa mchome ng'ombe, umpime joto, umfunue mdomo. Ndipo unajua kirusi kimelegea kiasi gani, na kama bado kinaacha kinga.

Walirudia takriban mara 90, wapendwa. Hakuna njia ya kuruka kutoka ya 20 hadi ya 90. Kirusi kinazoea chupa polepole, na kwa kuizoea chupa kinasahau kumuua ng'ombe. Ukiharakisha unabaki na kirusi kinachoua. Ukiacha uchafu uingie kwenye chupa moja, msururu umekatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakawa na chanjo iliyokuwa salama kwa ng'ombe wa kila mbegu na wa kila umri: dozi moja, mililita moja chini ya ngozi, na kinga ya maisha. Kirusi chake hakikuruka kutoka kwa aliyechanjwa kwenda kwa mwingine. Kirusi hicho kilicholegezwa kikagawiwa kama mbegu kwa maabara za nchi nyingine zitengeneze zenyewe.

Hapa inafaa tuseme habari ya nyumbu, maana ina jambo la kutusumbua kidogo. Kwa miaka mingi wafugaji na wakubwa wa serikali waliamini kwamba sotoka inakaa kwa wanyama wa porini na kuwarukia ng'ombe. Nyumbu wa Serengeti walikuwa wakifa kila mwaka wakikaribia kufikisha mwaka mmoja, pale kinga ya maziwa ya mama inapoisha. Ng'ombe wa kuzunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma sindano hata mmoja. Damu ya waliozaliwa baada ya hapo haikuwa na dalili ya kukutana na sotoka. Kumbe zizi ndilo lililokuwa likilisha pori ugonjwa. Nyumbu waliokuwa karibu laki mbili na nusu mwaka 1961 walipita milioni moja kabla ya 1980, mvua nazo zikisaidia.

Lakini Plowright huyohuyo ndiye aliyeonyesha kwamba ule ugonjwa mwingine wa ng'ombe, wa macho kuwa meupe na mafua makali, kweli unatoka kwa nyumbu, hasa ndama wao wachanga. Wamasai walikuwa wakilijua hilo, ndiyo maana waliwahamisha ng'ombe nyumbu walipozaa. Shauri moja nyumbu hana kosa, shauri la pili analo. Ni wangapi kati yetu huchunguza kila shauri peke yake hivyo, na si kumhukumu jirani kwa jumla kwa sababu tulishamshika na kosa moja?

Turudi kwenye chanjo, maana chupa nzuri haikutosha. Ilikuwa unga mkavu uliohitaji baridi kutoka kiwandani mpaka zizini. Ukishachanganywa na maji ya chumvi yaliyopozwa, muda wake ulikuwa mfupi sana, na chupa ilikaa kwenye deli lenye barafu, si kwenye mfuko wa shati. Sindano zilichemshwa tu. Ukiosha bomba kwa dawa ya kuua vijidudu, dawa hiyohiyo inaua chanjo, na ng'ombe anaondoka na alama ya kuchanjwa pasipo kinga yoyote. Ndama wa mama aliyechanjwa naye alikuwa na lake. Kinga aliyonyonya iliizuia chanjo isishike, wakati mwingine hadi karibu na mwaka wake wa kwanza. Kwa hiyo ilibidi kurudi mwaka unaofuata kwenye zizi lilelile, ambako mwenye ng'ombe anakuuliza umesahau nini.

Kuanzia 1962 hadi 1976 nchi za Afrika zilichanja kwa pamoja mamilioni ya ng'ombe. Sotoka ikapungua mpaka ikabaki katika maeneo machache, na watu wakapumzika. Maeneo hayo yalikuwa mbali, kwenye vita au nyika isiyo na barabara, pale ambapo deli la barafu halifiki. Ugonjwa ukatoka humo upya. Mwaka 1982 nyati wa Serengeti walikuwa wakifa tena. Tisini na kenda walikuwa salama, na yule mmoja ambaye hakutafutwa akatosha kuurudisha msiba.

Iliyofungua njia ni chanjo ya Plowright ileile, ikakaushwa kwa namna mpya na Jeffrey Mariner na wenzake, ikaweza kukaa karibu mwezi mzima bila friji. Sasa wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu hadi kwenye mazizi ambayo gari la serikali halikuwahi kuyaona. Halafu likaja gumu kuliko yote, kuacha kuchanja. Damu ya ng'ombe aliyechanjwa na ya aliyepona sotoka hazikutofautishika, kwa hiyo ilibidi kuacha, kisha kutafuta, zizi kwa zizi, kama bado ipo. Mara ya mwisho ilionekana mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba haipo tena, ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui.

Plowright alikuwa amerudi London mwaka 1971 kuwa profesa chuoni alikosomea, akalea madaktari wa mifugo wa kizazi kingine. Tuzo ya Chakula Duniani alipewa mwaka 1999. Alifariki Februari 2010.

Kwetu Dar wenye ng'ombe ni wachache, ila kuku wapo uani Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni, na mdondo, ugonjwa unaoua kuku, bado ungalipo. Chanjo yake iitwayo I-2 inastahimili joto kuliko nyingine. Kichupa kifunge kwa kitambaa chenye unyevu, kikae kivulini, usikiache juu ya dashibodi ya bajaji. Chanja kuku wenye afya tu, tone moja katika jicho moja, mwache apepese mpaka tone liingie ndipo umwachie, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Fanya alfajiri au jioni wakiwa bandani, na upatane na majirani mchanje siku moja. Kisha tazama juu. Karibu kila mtaa una kuku wawili watatu wanaolala kwenye mwembe, ambao hakuna anayejisumbua kuwashusha. Lete ngazi.