Springi ya kisu cha baba

Jumapili jioni, Kigoma

Mvua imepiga tangu saa saba mchana, na umeme umekatika mara mbili. Siku kama hizi ndizo natoa visu sandukuni na kuvifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, maana unyevu wa ziwa hauna simile na chuma. Nina visu 23 vya kukunja. Leo 22 nimevifuta na kuvirudisha. Kimoja kimebaki mezani, na ndicho kilichonikalisha niandike.

Ni Okapi ya marehemu baba. Wengi wenu mmeiona hata kama jina hamlijui: mpini wa mbao wa kahawia uliopinda kidogo, umepambwa kwa nyota na miezi ya bati, na mgongoni ina pete ndogo ya chuma. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Cha baba ni cha kabla ya hapo, kwani kwenye shina la bapa, pale linapoingia kwenye mpini, bado unaweza kupapasa herufi chache za neno GERMANY, nyingine zimelika. Utotoni nilijua vitu viwili tu vya Mjerumani: kisu hiki na meli ya Liemba, ile iliyoundwa kule Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha hadi hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Baba alisema vyote viwili vilikuja kwa Mjerumani vikabaki kwa mvuvi.

Okapi haifunguki kimya. Shina la bapa lina meno, na kila jino likipita chini ya springi linalia: kra, kra, kra. Kuifunga lazima uvute ile pete, springi inyanyuke. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa Katonga. Giza la mwezi likiingia hakulala nyumbani, alikuwa ziwani na karabai hadi alfajiri. Akirudi hakubisha hodi. Alikaa barazani, akatoa kisu akate kamba ya mzigo, nasi tukiwa bado kitandani tukasikia kra, kra, kra. Tulijua ziwa limemrudisha.

Mwezi uliopita nilikuwa nakifungua, springi ikakatika mkononi mwangu. Haikupiga kelele kubwa. Bapa likalegea, likawa linaning'inia kama mlango uliotoka kwenye bawaba. Nilikaa nalo hivyo muda mrefu.

Watu hudhani kisu cha kukunja ni bapa. Mimi baada ya miaka tisa ya kukusanya nasema ni springi. Chukua kile cha kawaida kisicho na kufuli: mgongoni mwa mpini kuna utepe wa chuma unaokandamiza shina la bapa. Ukifungua, utepe unanyanyuka, unabana, halafu unaangukia mahali pake, na hapo unasikia tak moja safi. Visu vingine husimama kwanza katikati, bapa likiwa wima, kabla ya kuendelea. Sauti hiyo ndiyo ninayoisikiliza kabla sijauliza bei. Ikiwa nzito na kavu, aliyekitengeneza alijua kazi. Ikiwa inateleza kimyakimya, hata mpini uwe wa pembe iliyong'arishwa, nakirudisha.

Kile chekundu cha Uswisi ambacho kila mtu anakipenda, umaarufu wake umetokana na springi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kuwauzia wanajeshi visu mwaka 1891, lakini cha maofisa cha mwaka 1897 ndicho kilichomtoa. Alipata njia ya kuifanya springi ileile ishike vifaa vya pande zote mbili za mpini, kisu kikabeba vingi bila kunenepa. Changu nilikiokota kwenye meza ya mitumba sokoni Mwanga, kimekatika kibano chake, na bado springi zake zinapiga kama mpya.

Halafu kuna Opinel, nayo haina springi kabisa! Joseph Opinel alianza kuitengeneza mwaka 1890 kwao Savoie, Ufaransa: bapa, mpini wa mbao wenye ufa, ribiti moja, basi. Mbao yenyewe ndiyo inayobana. Pete ya kulifungia bapa lisirudi iliongezwa mwaka 1955. Masika ya hapa Kigoma mbao inavimba, kucha haziwezi kulitoa bapa. Nilihangaika nayo hadi nilipojifunza kwamba wenyewe Savoie hugonga kitako cha mpini mezani, bapa likachungulia. Leo nimeigonga mara mbili, ikatoka. Namba 8, bapa la sentimita nane na nusu, chuma cha kaboni kilichogeuka kijivu kwa maembe na ndimu. Wakusanyaji wengi huweka kazi ya mkono juu na ya kiwanda chini. Sikubaliani nao. Kisu ambacho mkulima anaweza kukinunua, akakitumia na kukirithisha, kiwanda kimekitendea haki.

Ila springi iliyokatika kiwanda hakiniletei. Nilikwenda Ujiji kwa mzee mmoja mhunzi ambaye amenitengenezea visu viwili, kimoja mpini wa mninga, kingine wa mpingo. (Mpingo huu mafundi wa visu wa Ulaya na Marekani wanautafuta sana, nao huununua ghali. Kwetu nilipata kipande kwa mchonga vinyago.) Nilimpa shikamoo, nikaweka kisu kwenye fuawe bila maneno.

Alikigeuza, akasema, "Mwanangu, hiki nakuwekea springi na bapa jipya. Hili limekwisha."

Kweli limekwisha. Kwa kunolewa limebaki jembamba kama jani la mwanzi, na karibu na mpini limebonyea, pana bonde ambalo halikutoka kiwandani. Nilimwambia bapa asiliguse. Lile bonde ndipo baba alipokatia kamba za nyavu miaka yote, ni kama mwandiko wake. Mzee hakubishana. Alitaka shilingi 15,000 na siku mbili.

Siku ya pili nilifika mapema nikamkuta na springi ya kwanza imeshavunjika. Alikuwa ameikata kwenye springi ya gari, akaifua, akaipiga tupa hadi ikawa nyembamba, akaipasha ikawa nyekundu na kuizamisha kwenye mafuta. Kijana wake alikuwa ameijaribu kabla haijarudishwa motoni, ikapasuka kama kioo. Mzee hakumgombeza. Alimwita, akafanya ya pili mbele yake na mbele yangu. Chuma kikipozwa ghafla kinakuwa kigumu lakini hakivumilii, lazima kipashwe tena polepole. Aliisugua kwa msasa hadi ikang'aa, akaishika kwa koleo juu ya makaa, mbali kidogo. Rangi ikaanza kutembea: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. "Ungekuwa wembe ningesimama kwenye manjano," alisema. "Springi inataka buluu." Hana kipimajoto. Buluu hiyo ni kama nyuzi 300, na yeye anaijua kwa jicho, kwa hiyo kazi hii anaifanyia kivulini, jua lisimdanganye.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama ile buluu ikipita kwenye chuma. Natamani ningeweza kuwaonyesha.

Leo mchana nimekinoa, kwa kinoo cha baba, jiwe alilolitoa ufukweni na ambalo nalo limebonyea katikati. Nilisita. Kila nikinoa napunguza kilichobaki, na hesabu hiyo imekuwa ikinikosesha raha tangu nilipokirithi. Nikanoa kidogo tu, nikakifuta, nikakifungua.

Kra, kra, kra. Sauti ni kali kuliko ya zamani, maana springi ni mpya.

Mama alikuwa jikoni anachambua dagaa. Alinyamaza, kisha akaja hadi mlangoni, mikono bado na magamba.

"Kimepona?"

"Kimepona, mama. Ila kimekuwa kigumu."

Aliunyoosha mkono. Nilimpa, mpini mbele. Akavuta pete kwa kidole kimoja bila kuangalia, akakifunga, akakifungua tena, haraka kuliko ninavyoweza mimi. Sikuwahi kumwona na kisu hiki. Nikamwonyesha lile bonde la karibu na mpini, nikamweleza nilivyomkataza fundi asiliguse kwa sababu ni alama ya baba ya kukatia kamba.

Akaliangalia, akacheka kidogo.

"Baba yako alikatia huku mbele, kwenye ncha. Asubuhi akilala, mimi nilikuwa nakichukua mfukoni mwake namenyea mihogo. Miaka thelathini na moja. Hapo ni pangu."

Akaondoka nacho kurudi jikoni. Hadi sasa hajakirudisha, na namsikia anakitumia.