Mlanguzi hakuchapisha noti

Bei za vyakula zinapopanda, lawama humwangukia kwanza mwenye duka: kaficha mali, analangua, ana tamaa. Sisi Watanzania tuliwahi kuishi zaidi ya miaka kumi chini ya sera zilizosimama juu ya imani hiyo, na inanisikitisha kuona jinsi tulivyoyasahau yaliyotupata.

Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Taifa ya Bei, ambayo baadaye ilijikuta ikipanga bei za maelfu ya bidhaa, huku biashara ya jumla ikishikwa na kampuni za biashara za mikoa, zile ambazo kila mtu aliziita RTC. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni, sukari, mafuta ya kula na khanga vilikuwa na bei nafuu sana kwenye orodha ya serikali, lakini madukani havikuwamo. Mama aliyesikia kwamba sabuni imefika aliwahi foleni kabla ya kuuliza chochote, akasimama juani ili apate mche mmoja. Asiyeweza kusimama alinunua kwa magendo, kwa bei iliyozidi ile ya serikali mara kadhaa. Bei halisi, basi, ilikuwapo siku zote, ila ililipwa kwa kificho au kwa muda wa watu maskini.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, kiongozi ambaye uadilifu wake siutilii shaka hata kidogo. Watu walikamatwa, maghala yakafunguliwa, na wengine wakatupa mali zao porini kwa hofu. Hata hivyo uhaba haukwisha, kwa sababu msako hauzalishi sabuni. Bidhaa zilianza kurudi baada ya bajeti ya 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza mali kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata, na Mzee Mwinyi akaipanua ruksa hiyo alipoingia Ikulu mwaka uliofuata.

Wengi huishia hapo, nami naona ndipo makosa yanapoanza. Kufungua biashara kuliondoa uhaba, lakini mfumuko wa bei, uliokuwa umefikia asilimia 30 hivi kwa mwaka, uliendelea kuwa juu ya asilimia 20 hadi katikati ya miaka ya 1990. Chanzo chake hakikuwa dukani. Mashirika ya umma yaliyokula hasara yaliendelea kukopeshwa na benki za serikali, pengo la bajeti likazibwa kwa fedha za Benki Kuu, na shilingi zikaongezeka upesi kuliko mali za kununua. Vita vya Kagera vilitugharimu kweli, lakini vilikwisha mwaka 1979. Mfumuko ulishuka baada ya sheria ya Benki Kuu ya 1995 kuiwekea serikali ukomo wa kukopa humo, na baada ya serikali ya Mkapa kuanza, mwaka 1996, kutumia kile tu ilichokusanya. Kufikia 1999 ulikuwa chini ya asilimia 10, na haukuhitajika msako wowote wa maduka.