Viota vya shakwe ziwani: kumbukumbu ya mradi, msimu wa pili

Uganda haina bahari, ila shakwe wa kichwa kijivu hawana habari hiyo. Visiwa vya Musambwa katika Ziwa Victoria, vilivyoingia orodha ya Ramsar (ya ardhi oevu muhimu duniani) mwaka 2006, ni miongoni mwa mazalio yao makubwa Afrika. Mwamba wetu wa ziwani ni mdogo sana, ila kazi ya kuhesabu na kufuatilia viota ni ileile. Mayai hayaguswi kabla ya kupata kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda.

Wiki ya 1: hesabu. Tulifika saa 1 asubuhi, mtumbwi ukafungwa upande uliokingwa na upepo. Kukaa kati ya viota ni dakika 15, mmoja akishika saa, kwa sababu shakwe wakiruka mayai hubaki wazi, na jua la ikweta juu ya mwamba huyapika. Baada ya saa 4 asubuhi hatuingii. Wakati wa mvua pia hatuingii.

Mhesabuji wa kwanza anachora chaki kwenye jiwe lililo karibu na kila kiota chenye yai. Wa pili anapita akikatiza njia ya mwenzake, akihesabu vyenye alama na visivyo nayo. Tuseme alama ni 80, wa pili akaona viota 50, na 40 kati yake vina chaki: 80 × 50 ÷ 40 = 100, ndiyo makadirio ya viota vyote. Wa pili akifuata nyayo za wa kwanza ataona vilevile vilivyo wazi, vya vichakani vitampita tena, na jumla itapungua bila yeyote kujua. Chaki ikinyeshewa, rudia hesabu yote.

Wiki ya 2: umri wa mayai. Nusu ya jerikeni, maji vuguvugu ya kutia yai, viota vichache tu vya mfano. Yai jipya hulala chini kwa ubavu. Likikaa siku kadhaa, upande butu huinuka. Baadaye husimama wima. Likikaribia kuanguliwa huelea, sehemu yake ikitokeza juu ya maji. Unyevu umetoka, hewa imeongezeka ndani. Huatamiwa kwa wiki tatu na siku kadhaa, kwa hiyo tarehe ya kuanguliwa inakadirika. Likaushe, lirudishe lilivyolala. Lenye ufa lisitiwe majini kabisa.

Vijiti vyekundu vya alama vilikuwa kosa: kunguru walivigeuza viti, tena jirani na chakula. Sasa ni namba ndogo ya rangi juu ya jiwe, hatua moja kutoka kiotani. Wala hatuishii kwenye kiota tukageuka, tunapitiliza, ili njia yetu isimwelekeze kenge kwenye mayai.

Wavuvi wa mukene (dagaa wa ziwani) wamekubali kuanika nyavu upande mwingine. Vipande vya nailoni tunaokota ukingoni tu. Vya katikati vitangoja msimu uishe, ingawa inauma kuviona.

Wiki ya 4: makinda wanatembea, basi hakuna kuingia. Kinda akitishwa hukimbilia eneo la jirani, na shakwe mkubwa wa hapo humdonoa hadi afe. Hesabu sasa ni ya mtumbwini, kwa darubini ya 8×42 (inayokuza mara 8), injini imezimwa. Kundi likiinuka, rudi nyuma mpaka litue, kisha anza upya.