Mtu kukaa kazini miaka mingi haimaanishi anaipenda hiyo kazi

Kuna mabosi hapa Mwanza wanaamini kabisa kwamba mtu akidumu kiwandani basi huyo ni mwaminifu, anaipenda kampuni. Mi nafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara na nawaambia siyo hivyo jamani, wengi wetu tupo kwa sababu kodi ya nyumba Igogo inadaiwa, ada ya mtoto inadaiwa na huko nje ajira ngumu, ila mtu akipata mshahara ule ule sehemu wanakomuachia jumapili yake anaondoka kesho asubuhi.

Wataalamu wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, waliliandika hili mwaka 1991, kwamba mtu anabaki kazini ama kwa kuipenda toka moyoni, ama anaona akiondoka atapoteza vingi, ama anajiona ana deni la fadhila. Hao wa kuogopa kupoteza ndo wamejaa kwetu. Anakuja, anasaini, anafanya alichoambiwa basi, akisikia mashine ya barafu inalia vibaya ananyamaza, fundi atajua mwenyewe. Hasara ya hivyo bosi haioni kwenye daftari la mahudhurio.

Najua samaki hana ratiba. Boti zikichelewa kutoka visiwani na mzigo ukafika usiku lazima ukatwe usiku huo huo, hapo hakuna anayebisha. Kinachouma ni kuambiwa saa kumi na moja jioni, ushavua gambuti kabisa, kwamba leo hakuna kutoka, halafu ukimaliza daladala za Buhongwa zimeshaadimika unapanda bodaboda na hela ya ovataimu yote inaishia hapo, mtoto umemkuta kalala na asubuhi unamuacha kalala. Na siku ya kupumzika grupu la WhatsApp linaita tangu alfajiri, usipojibu unaambiwa huna moyo wa kazi!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, masaa ya kawaida mwisho 45 kwa wiki, ovataimu isizidi 50 ndani ya wiki nne na ilipwe mara moja na nusu, mama anayenyonyesha aruhusiwe mpaka masaa mawili kwa siku akamnyonyeshe mtoto. Wengi hawajui, na wanaojua wanaogopa kusema.

Ila nimeona kwa macho yangu inavyobadilika. Supavaiza mmoja wa upande wa kufungasha alianza kubandika shifti za wiki nzima mapema, wenye wachanga akawapanga asubuhi, na mtu akifiwa haanzi kuhojiwa kama mtuhumiwa. Mshahara hakuongeza, hana huo uwezo. Sasa hivi mzigo ukizidi anauliza tu nani anaweza kubaki na watu wananyoosha mikono, wadada wanapangana wenyewe nani awahi nyumbani leo nani kesho, na hitilafu ikitokea anaambiwa palepale. Upande wa pili kiwanda kilekile, mshahara uleule, kila mwezi wanafundisha wageni kushika kisu.

Kilichobaki kwetu ni gari la kurudisha watu usiku, tumeshalipeleka kwa HR kupitia chama cha wafanyakazi na safari hii tumeomba jibu la maandishi.