Nasomea macho lakini sipimi miwani

Juzi kwa matatu ya Kondele nilifanya kosa la kusema nasomea macho, mama aliyekaa karibu yangu akatoa miwani kwa mkoba fasta akitaka nimwangalizie. Aki mama, mi si daktari, masters yangu ni ya vile macho yanatembea na akili inafanya nini wakati huo huo.

Iko hivi, ukisoma hii laini unadhani macho yanateleza pole pole kama mashua ziwani, wapi! Yanaruka kama chura, mara 3 ama 4 kwa sekunde, yanatua kama milisekunde 200 ama 250 hivi halafu yanaruka tena, na huo mruko unaitwa sakadi. Ukiwa kwa mruko karibu huoni kitu. Simama mbele ya kioo uangalie jicho moja halafu lingine, hutajiona ukiyasogeza, na mtu wa kando anaona wazi kabisa. Kakangu mdogo alikaa bafu nusu saa akibisha.

Yarbus, mtafiti wa macho wa enzi za Urusi ya Kisovieti, alionyesha watu picha moja tu, akibadilisha swali, macho nayo yanabadilisha njia, ukiulizwa umri unakimbilia nyuso. Alikuwa anabandika kikombe kidogo kwa jicho lenyewe, uwii. Mimi nafuatilia macho na kamera na taa ya infraredi, ule mwanga macho hayauoni, shida yangu ni maskara, inafanya kope ziwe nyeusi hadi kamera inadhani ni mboni. Jana nimemwomba dada mmoja apanguse maskara yake, akaniangalia hivi… hiyo sikurekodi.