Ruhusa za folda ya pamoja kwenye seva yetu
Kwa wiki nzima mimi na mwenzangu tumekuwa tukizuiana bila kukusudia katika folda ya /var/www/html, zinapokaa kurasa za tovuti, kwenye seva yetu inayotumia mfumo wa Ubuntu, kwa sababu kila faili niliyoiunda yeye aliweza kuisoma tu. Nilikataa kabisa kuweka ruhusa ya 777, ambayo humwachia kila mtumiaji wa mashine, hata programu iliyovamiwa, kuandika humo. Badala yake nilituingiza sote katika kikundi kimoja, nikakikabidhi folda, kisha nikazipa folda ruhusa ya 2775 na faili 664, yaani wanakikundi tunaweza kuandika, wengine kusoma tu. Ile 2 ya mwanzo katika 2775 ndiyo iliyonifurahisha zaidi: huifanya kila faili mpya irithi kikundi cha folda badala ya kile cha aliyeiunda. Ilibaki umask, yaani mpangilio unaoamua ruhusa ambazo faili mpya hunyimwa, tuliyoibadilisha kutoka 022 hadi 002 ili kikundi kisinyimwe kuandika, na tangu jana mwenzangu anahariri kurasa zangu bila kunisubiri.